Swali la Dubu Weupe na Jibu la Mtu Asiyewaona

Wengi wetu tumepata kukutana na maswali ya aina hii katika mitihani ya kuchagua wanafunzi, au ya kuchagua waombaji wa kazi. Mtahiniwa hupewa kauli mbili au tatu, kisha huulizwa ni jambo gani linalofuata kutokana nazo. Mathalan: Wafugaji wote wa kijiji hiki wana ng'ombe. Mzee Kato hana ng'ombe. Je, Mzee Kato ni mfugaji wa kijiji hiki? Mtunga mtihani anangojea neno moja tu, nalo ni La. Lakini mtoto aliyekulia zizini anaandika kwamba Mzee Kato huenda anafuga mbuzi, au kwamba ng'ombe wake walikufa kwa maradhi, na mtu hauachi ufugaji kwa sababu ya msiba wa mwaka mmoja. Mwalimu anatia alama ya kosa na kufungua karatasi inayofuata.

Katika makala haya twataka kusimama kidogo mbele ya alama hiyo ya kosa. Swali la namna hii lina historia ndefu kuliko mitihani yetu, na katika karne ya 20 lilitumiwa kuamua mambo makubwa kuliko nafasi ya mtoto mmoja shuleni. Lilitumiwa kuhukumu kama mataifa mazima ya watu yanaweza kufikiri.

Tuanze na maneno yenyewe, maana sisi walimu wa lugha hatuna budi kuanzia hapo. Elimu hii twaiita mantiki, neno lililotujia kutoka Kiarabu, na shina lake katika Kiarabu lahusu kusema na kutamka. Kauli zinazotolewa mwanzoni tutaziita kauli za awali. Jambo linalofuata kutokana nazo tutaliita natija, kama walivyoliita wanazuoni wa mantiki wenyewe. Hoja ni neno la elimu hiyo hiyo, na dalili pia. Hata neno kiasi, ambalo leo twalitumia kupimia sukari na chumvi, latokana na qiyās, jina ambalo Waarabu waliupa mpango ule wa kauli mbili na natija yake. Kwa hiyo mwanafunzi anayesema "sijui kiasi gani" ana kipande cha mantiki kinywani bila kujua.

Aliyeuandika mpango huo kwanza kwa utaratibu kamili ni Aristotle, Myunani aliyeishi kati ya mwaka 384 na 322 kabla ya Kristo. Jambo lake kubwa lilikuwa jepesi kulisema: natija hushikiliwa na umbo la kauli, wala si na mambo yanayozungumzwa ndani yake. Ndiyo maana alitumia herufi badala ya majina ya vitu. Ikiwa kila B ni A, na kila C ni B, basi kila C ni A, iwe C ni farasi, au nyota, au kitu kisichokuwapo duniani. Tukumbuke kwamba Aristotle alikuwa akizipima hoja. Hakuwa akiwapima watu.

Vitabu vyake vya mantiki vilitafsiriwa kwa Kiarabu katika enzi ya Baghdad, na huko likazuka jambo ambalo kila mwalimu wa lugha angefurahi kulisikia. Katika karne ya 10, mbele ya waziri, walikutanishwa wanazuoni wawili. Mmoja alikuwa Matta ibn Yunus, mwalimu wa mantiki; wa pili alikuwa Abu Sa'id al-Sirafi, mwalimu wa sarufi. Matta alidai kwamba mantiki ni mizani ya kupambanulia maneno ya kweli na ya uongo, na kwamba maana hazibadiliki kutoka taifa hadi taifa: nne na nne ni nane kwa watu wote. Al-Sirafi akamjibu kwamba laiti mambo yote yangekuwa wazi kama nne na nne, kusingekuwapo mabishano duniani. Lakini watu hufikiri kwa lugha, na mantiki ya Wayunani imefungamana na lugha ya Wayunani. Kisha akamjaribu kwa sarufi. Alimwuliza juu ya kauli mbili zinazofanana: kwamba Zayd ni mbora wa ndugu, na kwamba Zayd ni mbora wa ndugu zake. Ya kwanza ni sahihi. Ya pili ina kasoro, kwa kuwa Zayd si mmoja wa ndugu zake mwenyewe, hivyo hawezi kuwa mbora miongoni mwa kundi asilokuwamo. Matta alishindwa.

Ushindi huo hatuupimi kwa kelele za baraza lile. Kwa maoni yetu Matta alikuwa na haki kuhusu nne na nne, na al-Sirafi alikuwa na haki kuhusu ndugu za Zayd. Tutaona baadaye jinsi kila mmoja wao angalivyo hai katika vyumba vyetu vya mtihani. Baada yao wanazuoni wa Kiislamu hawakukubaliana. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliiweka mantiki mwanzoni mwa kitabu chake kikubwa cha misingi ya sheria. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliandika kitabu kizima kuwapinga wanamantiki. Na al-Akhdari wa nchi ya Algeria, aliyeishi karne ya 16, alitunga utenzi wa mantiki uliohifadhiwa kwa moyo na wanafunzi wa vyuo vingi, na ndani yake akazitaja rai zote tatu: wanaoiharamisha elimu hiyo, wanaoisifu, na wanaoiruhusu kwa mwenye akili timamu aliyekwisha kuijua dini yake.

Mabadiliko makubwa yalikuja karne ya 20. Mwaka 1905, huko Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitoa kipimo chao cha akili za watoto. Mwaka 1919 Cyril Burt alichapisha huko Uingereza majaribio yake ya kupima jinsi watoto wa shule wanavyofikiri kwa hoja. Tangu hapo maswali ya kauli na natija yakaenea katika mitihani ya kuchagua watu. Umbo la swali lilikuwa lile lile la Aristotle, lakini kilichopimwa kilikuwa kimegeuka. Zamani mtu aliiangalia hoja na kuuliza kama imesimama. Sasa mtu alimwangalia mtoto, akauliza kama mtoto amesimama.

Na kutoka kwa mtoto mmoja hadi taifa zima ni hatua fupi. Huko Ufaransa mwanafalsafa Lucien Lévy-Bruhl aliandika mwaka 1910 kwamba watu wa jamii alizoziita za chini wana akili iliyotangulia mantiki. Yeye mwenyewe hakufanya utafiti miongoni mwa watu hao. Alisoma habari za wamisionari na wasafiri. Kwa ajili ya haki tuseme kwamba kabla ya kufa, mwaka 1939, aliiacha rai hiyo, na daftari alimoandika masahihisho yake lilichapishwa mwaka 1949. Lakini neno likitoka halirudi, na rai ile ya kwanza ilikwisha kusafiri.

Twafika sasa kwa dubu wetu. Mwaka 1931 na mwaka 1932 kijana mmoja wa Kirusi, Alexander Luria, aliyezaliwa Kazan mwaka 1902, aliongoza misafara miwili ya utafiti katika nchi ya Uzbekistan na sehemu za Kirgizia. Mwenzake na mwalimu wake wa fikra, Lev Vygotsky, hakwenda kwa sababu ya ugonjwa wa kifua kikuu uliokuja kumwua mwaka 1934. Ulikuwa wakati wa msukosuko. Serikali ya Kisovieti ilikuwa ikiwakusanya wakulima katika mashamba ya ushirika, na kozi fupi za kusoma na kuandika zilikuwa zikifunguliwa vijijini. Luria alitaka kujua kama fikra za mtu hubadilika pale maisha yake na elimu yake vinapobadilika. Hakuwa na nia ya kuwadharau Wauzbeki. Kinyume chake, alitaka kuonyesha kwamba hakuna akili ya asili isiyobadilika, na mazungumzo yake na wanakijiji yalianza taratibu, katika nyumba za chai au kando ya moto jioni.

Miongoni mwa maswali yake ni hili, nasi twalieleza kwa maneno yetu. Katika nchi za mbali za kaskazini, mwenye theluji, dubu wote ni weupe. Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali, na huko kuna theluji daima. Dubu wa Novaya Zemlya wana rangi gani? Mtu mmoja wa miaka 37, asiyejua kusoma, kutoka kijiji cha mbali, alijibu kwamba dubu wako wa namna nyingi. Aliporudiwa akasema kwamba yeye amemwona dubu mweusi, wengine hakuwaona, na kila mahali pana wanyama wake. Alipobanwa zaidi, akajibu kwamba kama mtu wa miaka sitini au themanini angalikuwa amemwona dubu mweupe, akasimulia, mtu huyo angaliaminika. Lakini yeye mwenyewe hakumwona, kwa hiyo hawezi kusema. Hapo kijana mmoja wa Kiuzbeki aliyekuwa akisikiliza aliingia kati, akasema kwamba kutokana na maneno ya mgeni dubu wa huko ni weupe. Mkubwa hakutikisika. Alisema kuwa jogoo hufanya analolijua, na yeye pia husema analolijua, basi.

Maswali yaliyogusa pamba yalikwenda vizuri zaidi, kwa kuwa pamba waliijua. Walipoambiwa kwamba pamba huota mahali penye joto na ukavu, na kwamba Uingereza kuna baridi na unyevu, wengine walitoa natija bila shida, ingawa wapo walioingiza habari za udongo wao wenyewe. Na wale waliopata masomo kidogo, hata ya muda mfupi, waliyajibu maswali ya aina zote mbili kama mtunga swali alivyotaka. Luria alihitimisha kwamba kutoa natija kutokana na maneno matupu, bila kuegemea mambo aliyoyaona mtu, ni tabia inayoletwa na shule na maisha mapya.

Matokeo hayo yalimletea shida. Alishutumiwa kwamba anawatukana watu wa mataifa madogo kwa kuwaonyesha kuwa wako nyuma, na kazi yake ikafungiwa kwa zaidi ya miaka 40. Kitabu kilitoka kwa Kirusi mwaka 1974, na kwa Kiingereza mwaka 1976, mwaka mmoja kabla ya kifo chake.

Sasa tulitazame tena jibu la yule mtu mzima kwa jicho la mwalimu. Wengi waliolisoma wameona mtu aliyeshindwa kufikiri. Lakini tuyapange maneno yake. Asiyekiona kitu hawezi kukitolea habari. Mimi sikuwaona dubu hao. Kwa hiyo siwezi kutoa habari zao. Hii ni hoja kamili, ina kauli mbili za awali na natija yake, na Aristotle asingeipata na kasoro. Kilichomtenga na mwulizaji hakikuwa mantiki. Aliikataa kauli ya awali kwa sababu hakumjua shahidi wake. Nani amesema kwamba dubu wote wa huko ni weupe? Mgeni huyu amefika huko? Kwetu twasema akili ya kuambiwa changanya na yako, na hivyo ndivyo alivyofanya. Mtihani wa mantiki unadai kinyume: pokea ya kuambiwa, na yako iache mlangoni. Ni desturi ya pekee kabisa, nayo haimjii mtu kwa kuzaliwa.

Ushahidi wa pili watoka barani kwetu. Katika miaka ya 1960 Michael Cole, Mmarekani aliyepata kufanya kazi na Luria huko Moscow, alikwenda Liberia, akafanya utafiti na wenzake miongoni mwa wakulima wa Kikpelle. Kitabu chao kikubwa kilitoka mwaka 1971. Mzee mmoja aliambiwa kwamba buibui na paa mweusi hula pamoja daima, na kwamba buibui anakula. Je, paa anakula? Mzee akauliza kama walikuwa mwituni. Kisha akasema kwamba yeye hakuwapo, atajibuje swali kama hilo? Aliposhikiliwa ajibu, akasema ndiyo, paa anakula. Kwa nini? Kwa sababu paa mweusi hutembea mchana kutwa akila majani mabichi, akapumzika kidogo, kisha akainuka akala tena.

Mwenzake Cole, Sylvia Scribner, alieleza katika miaka ya 1970 habari ya mkulima mwingine wa Kikpelle. Huyo aliambiwa kwamba wanaume wote wa Kikpelle ni wakulima wa mpunga, na kwamba Bwana Smith si mkulima wa mpunga. Je, ni Mkpelle? Akajibu kwamba hamjui mtu huyo, hajapata kumtia machoni. Alipoambiwa afikirie maneno tu, akaeleza kwamba kama angalimjua mtu huyo angaliweza kujibu, lakini kwa kuwa hamjui, hawezi.

Twaomba wasomaji waziweke karatasi za watu hawa wawili juu ya meza na kuzisahihisha. Mzee wa paa mweusi ameandika jibu linalotakiwa, atapewa alama. Lakini natija yake haikutoka katika kauli alizopewa. Imetoka katika ujuzi wake wa tabia za paa, na buibui hana kazi yoyote ndani yake. Mkulima wa Bwana Smith ameacha nafasi tupu, au ameandika sijui, na atapata sifuri. Naye ndiye aliyetoa hoja: nikimjua mtu, nitaweza kujibu juu yake, simjui, maneno yake hayanipi njia nyingine, basi siwezi kujibu. Scribner aliona hilo. Aligawa majibu katika mafungu mawili, yale yanayoshika kauli zilizotolewa na yale yanayoshika mambo yajulikanayo na msemaji, akaonyesha kwamba mtu huyo huyo aweza kufikiri barabara katika fungu lolote kati ya hayo. Karatasi ya mtihani haina mahali pa kuliandika jambo hilo. Kuna mitihani michache, kama ile ya Kimarekani iliyotungwa na Watson na Glaser, ambayo huruhusu jibu kwamba habari zilizotolewa hazitoshi. Hata hivyo jibu hilo nalo lina mahali pake palipopangwa na mtunga mtihani.

Je, ni kusoma na kuandika kunakobadilisha jambo hili, au ni shule? Hapo Scribner na Cole walipata bahati ya pekee, nayo ilikuwa Wavai. Watu hawa wa Liberia wana maandishi yao wenyewe, yaliyobuniwa na Momolu Duwalu Bukele katika miaka ya 1830, na wengi wao walijifunza maandishi hayo kwa jamaa na marafiki bila kukanyaga shule. Wengine walisoma Kurani kwa Kiarabu, na wengine walisoma Kiingereza shuleni. Kitabu kilichotoka mwaka 1981 kilieleza kwamba katika maswali ya mantiki, na hasa katika kueleza sababu za jibu, waliotofautika ni wale wa shule. Kujua kusoma peke yake hakukutosha. Kwa maneno mengine, swali la dubu weupe ni mchezo wa shule, na mjuzi wake ni yule aliyefundishwa kuucheza.

Na hao waliosoma sana, je? Mwaka 1966 Peter Wason wa London alieleza jaribio la kadi nne. Kila kadi ina herufi upande mmoja na tarakimu upande wa pili. Mezani zinaonekana, mathalan, A, K, 4 na 7. Kanuni yasema: ikiwa upande mmoja pana irabu, upande wa pili pana tarakimu inayogawanyika kwa mbili. Ni kadi zipi zipinduliwe ili kujua kama kanuni ni ya kweli? Wanafunzi wengi wa chuo kikuu walichagua A peke yake, au A na 4. Jawabu ni A na 7, maana 7 ikiwa na irabu nyuma yake kanuni imevunjika, ilhali 4 haiwezi kuivunja vyovyote itakavyokuwa. Walioipata tangu mwanzo ni wachache sana. Mwaka 1982 Richard Griggs na James Cox, huko Florida, waliwapa wanafunzi swali lenye umbo lile lile, ila mahali pa herufi na tarakimu waliweka walevi na umri wao: anayekunywa bia sharti awe amezidi miaka 19. Nani akaguliwe? Karibu robo tatu walijibu sawasawa mara moja. Umbo lilikuwa lile lile. Waliobadilika ni dubu tu, wakawa watu wanaojulikana. Hakuna aliyeandika kwamba wanafunzi wa London wana akili iliyotangulia mantiki.

Lipo jaribio jingine ambalo sisi watu wa ngano yatupasa kulipenda zaidi. Mwaka 1988 Maria Dias na Paul Harris walieleza kwamba watoto wadogo huko Uingereza, wakiambiwa kauli isiyo kweli, kama kwamba paka wote hubweka na Rex ni paka, hujibu kwa ujuzi wao na kusema Rex habweki. Lakini kauli hizo hizo zikisemwa kwa sauti ya hadithi, au wakiambiwa kuwa ni mambo ya sayari nyingine, watoto hutoa natija bila taabu: Rex hubweka. Mwaka 2005 Dias na wenzake walitoa habari za jaribio kama hilo kwa watu wazima wa Recife, Brazil, wenye shule kidogo au wasio nayo kabisa. Nao, wakipewa sayari ya mbali, walifikiri kwa kauli walizopewa.

Kwetu mlango wa sayari hiyo unajulikana. Mtambaji akisema Paukwa, wasikilizaji wakaitika Pakawa, hakuna tena anayeuliza kama sungura aweza kusema au kama kuna shahidi aliyemwona. Kila mmoja amekubali masharti ya ngano, na ndani ya masharti hayo watoto huwa wakali mno wa mantiki. Jaribu kumsimulia mtoto kwamba fisi alilala kisimani, kisha useme alfajiri fisi alitoka pangoni, atakukatiza. Nani basi aliyetuambia kwamba watu wa ngano hawawezi kushika kauli ya awali?

Tunarudi kwa al-Sirafi na sarufi yake, kwa kuwa maswali mengi tunayowapa wanafunzi wetu yametafsiriwa, na wanafunzi wenyewe aghalabu wamekijia Kiswahili kutoka lugha nyingine ya nyumbani. Zipo sehemu ambazo kosa ni la mtunga swali.

Neno wengine ni la hatari kuliko yote. "Walimu wengine ni washairi" yaweza kumaanisha kuwa baadhi ya walimu ni washairi, na yaweza pia kumaanisha kuwa walimu waliobaki, mbali na hao tuliowataja, ni washairi. Katika mazungumzo hali yenyewe huamua. Katika karatasi ya mtihani hakuna hali. Heri kuandika baadhi, ingawa hilo nalo lina mzigo wake, kwa maana ukisema baadhi ya wanafunzi wamefaulu msikilizaji husikia kwamba wapo walioanguka. Mwanamantiki hasikii hivyo. Kwake baadhi ni mmoja au zaidi, huenda hata wote. Mwanafunzi asipoambiwa masharti hayo atakosa, na atakosa kwa sababu anakijua Kiswahili vizuri.

Kiambishi hu- nacho kina hila. "Simba hula nyama" ni habari ya mazoea. Haisemi kwamba kila simba, kila mara, hali kitu kingine. Mtunga swali akiandika hu- huku akikusudia kila, mwanafunzi makini ana haki ya kujibu kwamba natija hailazimiki. Kadhalika -ki-: "Mvua ikinyesha, mto hufurika" yaweza kuwa sharti, yaweza kuwa wakati. Panapotakiwa sharti, tuandike ikiwa au endapo. Kama tuikwepe, kwa sababu ina kazi nyingi mno. Na "Wanafunzi wote hawakufaulu", je, hakuna hata mmoja aliyefaulu, au si wote waliofaulu? Lugha yetu ina njia safi ya kutenganisha maana hizo: "Hakuna mwanafunzi aliyefaulu" kwa upande mmoja, na "Si wanafunzi wote waliofaulu" kwa upande wa pili. Mtafsiri mvivu huiacha njia hiyo.

Lakini Kiswahili hakina kasoro tu. Tazama nguvu ya tu na ndio vikishirikiana: "Wenye vyeti tu ndio watakaoajiriwa." Asha ana cheti. Je, Asha ataajiriwa? Wengi husema ndiyo, na vijana wengi wamesafiri siku nzima kwenda kwenye usaili kwa imani hiyo. Kauli yasema kwamba asiye na cheti hataajiriwa. Haisemi kwamba kila mwenye cheti ataajiriwa. Hapa swali la mantiki si la dubu tena. Ni la nauli ya basi.

Sisi wenyewe tumepata kuliandika upya swali la Mzee Kato. Tuliweka juu yake maneno machache: "Tuseme kuna kijiji cha ngano. Katika kijiji hicho mtu asiye na ng'ombe haitwi mfugaji, hata akiwa na mbuzi mia. Jibu kwa kufuata maneno haya tu, na uandike sababu ya jibu lako." Kisha swali likafuata kama lilivyokuwa. Wengi walitoa natija iliyotakiwa, pamoja na sababu yake. Mwanafunzi mmoja aliandika La, akaongeza chini kwamba katika kijiji chao yeye Mzee Kato angeitwa mfugaji, na kwamba watu wa kijiji cha ngano wamemwonea. Tulimpa alama zote, kisha tukabishana katika chumba cha walimu, kwa sababu mwenzetu mmoja alishikilia kwamba sentensi ile ya pili haikuulizwa.